Ukiombwa Kitambulisho Dukani Nawe Ni Mtu Mzima

Mtu mzima akiambiwa mbele ya foleni athibitishe umri wake, aibu humpata kwanza, hasira ikafuata. Jambo hili limekuwa la kawaida katika supamaketi, baa na maduka ya kamari ya Migori, Homa Bay, Rongo na Oyugis, na linawapata hasa wale ambao Mungu aliwajalia sura changa au kimo kifupi. Wengi wao huona wamedharauliwa. Wauzaji nao huona wanaoonewa ni wao, kwa kufanya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Naandika makala haya kwa pande zote mbili, kwa sababu inaniuma kuona majirani wakigombana juu ya jambo ambalo sheria imelipanga vizuri kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Jumamosi moja jioni, katika supamaketi moja mjini Migori, nilikuwa nyuma ya mwalimu mmoja wa kike, mama wa watoto wawili, mwenye mwili mdogo. Kikapuni alikuwa na unga, mafuta ya kupikia, sabuni na chupa ya mvinyo ya wageni wa kesho yake. Keshia, kijana wa miaka ishirini na kidogo, akapitisha unga, akapitisha mafuta, akafika kwenye chupa akaiweka kando. "We msichana, kitambulisho kiko wapi?" Alisema kwa sauti ya kawaida tu, ila foleni nzima ilisikia. Mwalimu akamjibu, "Mimi ni mama ya watu." Kijana akasema sheria ni sheria. Mwalimu akaacha kila kitu pale kaunta, hata unga, akatoka.

Keshia yule alikuwa na haki ya kuuliza, na mwalimu alikuwa na haki ya kuumia. Kilichomuumiza hakikuwa kitambulisho. Kilikuwa ule wito wa msichana. Katika nchi ya Waluo mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, Min Atieno, Min Ochieng', au kwa jina la kwao alikotoka, Nyar Karachuonyo, Nyar Kanyamkago. Hayo ndiyo majina ya heshima anayoyasikia kutoka asubuhi hadi usiku. Kumwita msichana mbele ya watu ni kumvua yote aliyoyapata kwa miaka mingi. Huku Kuria nako, mwanamume aliyetahiriwa huitwa mura na wenzake, na ukimwita mtoto umetafuta ugomvi. Zamani, kabla desturi hiyo haijakatazwa na kuachwa, Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na pengo hilo lilimtambulisha mtu aliyevuka utoto. Jamii zetu zilimjua mtu mzima kwa kumwona na kwa kumfahamu. Mjini, aliye kaunta hamfahamu mtu, na kuona peke yake hakumtoshi.

Hakumtoshi kwa sababu ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi bado tunaiita sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Inakataza kumuuzia au kumpa kileo mtu aliye chini ya miaka 18. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 150,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo inamzidi kwa mbali keshia wa kawaida wa Homa Bay, na mwenye duka anaweza kupoteza leseni ya kaunti juu yake.

Sasa soma sehemu ambayo wateja wengi hawaijui. Sheria hiyohiyo inampa muuzaji kinga moja mahakamani: aonyeshe kwamba alijaribu kuthibitisha umri wa mnunuzi kwa kuomba hati, kwamba alionyeshwa, na kwamba alikuwa na sababu ya kuamini hati ile ni ya kweli. Akisema tu "nilimwona mkubwa", amebaki bila ngao. Ndiyo maana kuapa, kutaja idadi ya watoto wako, au kumwonyesha pete ya ndoa hakumsaidii chochote. Hata akikuamini kabisa, imani yake haimtetei. Kinachomtetea ni kuomba na kuonyeshwa.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inafuata mkondo uleule kwa sigara. Hapa Migori jambo hili lina uzito wake, maana tumbaku ni zao letu. Familia nyingi za Kuria zimesomesha watoto kwa jani hilo chini ya mikataba na kampuni za sigara, na watoto wengi wamelishika mashambani na kwenye mabanda ya kukaushia kabla hawajajua kusoma vizuri. Miaka ya karibuni Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walianzia katika kaunti hii mpango wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Kijana aliyelala karibu na banda la tumbaku utotoni atashangaa kuambiwa leo kwamba hawezi kununua pakiti bila kitambulisho. Mshangao huo nauelewa. Sheria haiangalii ulilima nini. Inaangalia tarehe uliyozaliwa.

Uchungu wa kuombwa karatasi, hata hivyo, una historia ndefu kwetu Nyanza, na sitaki kuupuuza. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akalazimishwa kubeba kipande chake ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Aliyeondoka kazini bila kuandikiwa ruhusa na mwajiri alisakwa kama mhalifu. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association, iliyojulikana kwa wengi kama Piny Owacho, mwenyekiti akiwa Jonathan Okwiri, na kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapinga. Wanawake waliingizwa katika usajili mwaka 1978, na 1980 umri wa kuandikishwa ukapandishwa kutoka miaka 16 hadi 18. Kwa hiyo nyanya aliye hai leo Ndhiwa au Uriri huenda alikuwa mke na mama miaka mingi kabla serikali haijampa karatasi ya kusema yeye ni mtu mzima.

Lakini keshia si mlowezi, wala si polisi. Hana mamlaka ya kukuzuia, kukupekua, kukuhoji unatoka wapi au unaenda wapi. Anahitaji kuona kitu kimoja, tarehe ya kuzaliwa, ili akuuzie kitu kimoja. Ukilishika hilo utajua pa kukubali na pa kukataa.

Tuanze na pa kukubali. Hati zinazotajwa na sheria ni pasipoti na kitambulisho cha kitaifa, pamoja na nyingine ambazo waziri anaweza kuzitangaza katika Gazeti Rasmi. Leseni ya udereva haikutajwa kwa jina. Kadi ya mwanafunzi, hata iwe ya Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya, inathibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi, basi. Wapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye miaka 17. Picha ya kitambulisho iliyo kwenye simu hurekebishwa kwa dakika chache, na muuzaji akiikataa hajakukosea. Kadi ya kusubiri kitambulisho, ile uliyopewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, nayo ni ushahidi kwamba umeomba. Kama bado unasubiri, jiandae kukataliwa, na usimtukane mtu.

Kitambulisho chenyewe kibebe mahali ambapo hutalazimika kumwaga mkoba mzima kaunta. Hili naliona dogo lakini linapunguza nusu ya aibu. Wanawake wengi hukificha ndani kabisa pamoja na kadi za hospitali za watoto, wakafika kaunta wakaanza kutoa kimoja baada ya kingine huku watu nyuma wakiguna. Kitoe mapema, ukiwa bado kwenye foleni, kama unajua kikapuni kuna chupa. Wenye sura changa mnajijua. Ukikitoa kabla ya kuulizwa, muuzaji hana nafasi ya kukuita msichana wala kijana; anaona tarehe, anapitisha bidhaa, unalipa.

Na namna ya kukionyesha ina ufundi wake. Kwenye kadi ya zamani ambayo wengi wetu bado tunayo, nambari ya kitambulisho iko juu mkono wa kulia, majina yako yanafuata, kisha tarehe ya kuzaliwa. Shika kadi wewe mwenyewe, kidole gumba kikifunika nambari, mwelekezee uso wa mbele aone picha yako na tarehe. Akitaka kuishika ahakikishe si ya bandia, mpe, lakini macho yako yasiiache. Hakuna sababu ya kugeuza upande wa nyuma, ambako kuna kata na kata ndogo yenu na alama ya kidole chako. Anayeuza bia hahitaji kujua umetoka Kanyadoto au Kabondo.

Hapo ndipo tunafika pa kukataa. Hakuna sheria inayompa muuza duka, baamedi au bawabu wa klabu mamlaka ya kubaki na kitambulisho chako. Najua zipo baa zinazokishika kama dhamana ya deni, ukakikuta kimefungwa kwa mpira pamoja na vya wenzako kwenye droo, na siku ukipata pesa mwenye droo amesafiri. Usikubali. Kama huna pesa ya kulipa, acha simu, acha saa, au usinywe. Kitambulisho ndicho kinachokufungulia M-Pesa, benki, hospitali na kituo cha kupigia kura, na ukikipoteza utakitafuta kwa gharama. Vilevile hakuna sababu ya kukipiga picha au kunakili nambari yake kwenye daftari kwa ajili ya kuthibitisha umri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayechukua taarifa zako achukue zile tu anazozihitaji kwa kazi iliyopo, akueleze ni za nini, na azitunze. Tarehe ikishaonekana, kazi imekwisha. Sheria hii ina meno: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Malalamiko kwa ofisi hiyo hupelekwa bila malipo, na hayahitaji wakili.

Usichanganye jambo hili na wakala wa M-Pesa. Yeye anataka kitambulisho halisi kwa sababu anathibitisha wewe ni nani, na kuandika nambari yako ni sehemu ya kazi yake. Gesti pia huandika. Anayesajili laini ya simu huandika. Duka la kamari hutazama umri, na huko pia mpaka ni miaka 18.

Kwa waliopoteza vitambulisho, njia ni ileile: ripoti kituo cha polisi upate abstrakti, kisha nenda kwa msajili au Huduma Centre, ipo mjini Migori na ipo mjini Homa Bay. Malipo hupitia eCitizen, kwa hiyo anayekuomba pesa mkononi mkwepe. Ada zimebadilika mara kadhaa tangu Novemba 2023, serikali ilipotangaza nyongeza iliyozua kelele nchi nzima. Machi 2024 zikawekwa shilingi 300 kwa kadi ya kwanza na 1,000 kwa aliyepoteza, na mwaka 2025 serikali ikawaondolea ada wanaochukua kwa mara ya kwanza. Uliza ofisini kiasi cha siku hiyo kabla ya kulipa. Kwa vijana wa Isebania, Kehancha na vijiji vya mpakani waliokuwa wakizungushwa kwenye kamati za kuhojiwa uraia, Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa utaratibu huo wa kuwahoji watu wa mipakani. Nendeni mkaandikishwe mkiwa na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Msingoje hadi siku ya kukataliwa dukani.

Kuna kundi jingine ambalo tatizo lake ni zito kuliko chupa ya mvinyo: wale ambao tarehe iliyo kwenye kadi si yao. Wazee wengi waliandikishwa bila cheti chochote. Karani aliuliza, "Ulizaliwa lini?" na mzee akajibu kwa kumbukumbu aliyonayo, kwamba mama yake alimzaa kabla ya Uhuru, au mwaka ziwa lilipofurika na kumeza mashamba ya pwani, mafuriko yaliyotokea kati ya 1961 na 1964. Karani akaandika mwaka aliouona unafaa, na kwa wengi akaongeza 1 Januari. Wengine walijipunguzia miaka wenyewe ujanani ili waajiriwe jeshini au wacheze mpira, na wengine wakajiongezea ili wapate kazi mapema kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder au kwenye mitumbwi ya Mbita.

Dukani kosa hilo halionekani. Linaonekana uzeeni. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na umri unaohesabiwa ni ule wa kwenye kitambulisho. Mzee wa miaka 72 ambaye kadi yake inasema ana 66 ataangalia wenzake wakipokea huku yeye akisubiri miaka minne. Nawasihi watoto na wajukuu: wakati mzazi bado ana nguvu za kupanda matatu, msaidie kurekebisha tarehe. Msajili atataka ushahidi, kwa mfano cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo, cheti cha shule, hati ya kiapo, na wakati mwingine tathmini ya umri iliyofanywa na daktari wa hospitali ya serikali. Kadi ya ubatizo ya zamani, hata iliyoliwa na mchwa pembeni, usiitupe. Makanisa mengi yana daftari zake za ubatizo, na tarehe iliyoandikwa na padri au mchungaji siku ile ina uzito kuliko kumbukumbu ya ukoo mzima.

Sasa naomba wenye maduka wanisikilize, na hasa wanaowaajiri vijana na kuwaacha kaunta bila kuwaelekeza. Uingereza, ambako umri wa kununua pombe ni 18 kama kwetu, maduka mengi hufuata mpango unaoitwa Challenge 25: yeyote anayeonekana hajafika miaka 25 huombwa kitambulisho. Scotland waliufanya utaratibu wa namna hiyo kuwa lazima kisheria kuanzia Oktoba 2011. Sababu yake ni ya kibinadamu. Hakuna anayeweza kumtenganisha kwa macho mtu wa miaka 17 na wa 19, lakini wa 17 na wa 25 anaweza. Ukiweka mpaka wako juu kidogo, humbahatishi mtu, na aliyeulizwa anajua ameulizwa kwa kanuni inayowahusu wengi. Bandikeni tangazo kaunta, kwa Kiswahili na Kidholuo, na upande wa Kehancha kwa Kikuria: wote wanaoonekana chini ya miaka 25 wataombwa kitambulisho kabla ya kuuziwa pombe au sigara. Tangazo likisema kabla ya keshia, maneno ya keshia hayaumi.

Keshia wenu naye mpeni maneno ya kutumia. "Mama, naomba kuona kitambulisho, tunaomba wote." "Ndugu, samahani, nionyeshe tarehe ya kuzaliwa kwa ajili ya hii chupa." Aseme kwa sauti ya chini, akitazama mtu usoni, kabla ya kuigusa chupa. Asiseme msichana, asiseme kijana, asiseme "wewe ni mtoto." Na akishaona tarehe, aseme asante mama, asante mzee. Mpunguzieni pia hesabu: kila asubuhi andikeni kwenye karatasi karibu na mashine ya malipo tarehe ya leo ikirudishwa nyuma miaka 18, na chini yake maneno "aliyezaliwa siku hii au kabla." Keshia aliyesimama tangu saa mbili asubuhi hukosea kutoa miaka, na hapo ndipo mtu wa miaka 30 hukataliwa na wa 17 akapita.

Kuhusu watu wazima wa kimo kifupi sana, nawaomba wauzaji mjiheshimu kwa kuwaheshimu. Tazama uso. Mtu wa miaka 40 ana uso wa miaka 40 hata akiwa na urefu wa mtoto, na kumwomba kitambulisho kila wiki katika duka lilelile anakojulikana ni ukatili unaojificha nyuma ya sheria. Sheria haisemi umuulize kila mtu kila siku. Mteja uliyekwisha kuona tarehe yake umeshamjua. Na nyanya mwenye mvi anayemnunulia mjukuu soda na mzee wake bia, mwache apite.

Mtoto, hata hivyo, usimwachilie kamwe. "Nimetumwa na baba" ni maneno yanayosikika katika kila duka la kijijini, kutoka Sori hadi Kendu Bay. Mtoto wa darasa la tano anashika noti ya shilingi mia mbili, ameambiwa alete sigara na chenji. Muuzaji anamjua baba, anamjua mama, anaona aibu kukataa. Kisheria anayevunja sheria hapo ni muuzaji, na baba hatakuwa karibu naye mahakamani. Wazazi, msiwatume. Ukitaka sigara, nenda mwenyewe. Pia sigara mojamoja zilizotolewa kwenye pakiti haziruhusiwi kuuzwa kwa mtu yeyote, wa umri wowote, na ndizo zinazowafikia watoto kwa urahisi kwa sababu ni za shilingi chache.

Wapo watakaoniambia: mbona kwa mama pima hakuna anayeulizwa umri? Ni kweli. Chang'aa inauzwa kwa vikombe bila kitambulisho, bila leseni na bila kujali saa, ingawa sheria ya 2010 iliihalalisha kwa sharti kwamba itengenezwe na kupakiwa kwa viwango vinavyokubaliwa. Mtoto aliyekataliwa supamaketi anaweza kuvuka barabara akaipata. Udhaifu huo naukubali, na machifu na polisi wanaojua kila nyumba inayopika wanapaswa kuujibu. Lakini sioni kwa nini duka lenye leseni liige nyumba isiyo nayo.

Neno moja kwa wa mpakani. Wakuria ni watu wa pande mbili, na mtu wa Tarime, Tanzania, anayekuja Isebania sokoni ana ndugu zake hapa. Pasipoti, ikiwemo ya Afrika Mashariki, haina ubishi. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kile cha NIDA, kina tarehe ya kuzaliwa iliyo wazi, na kwa maoni yangu muuzaji mwenye busara atakikubali, maana anachotakiwa ni kuamini kwa sababu ya msingi kwamba hati ni ya kweli. Akikataa, mnunuzi asilifanye kuwa la uraia. Na mtu asimwazime ndugu yake kitambulisho, hata wafanane vipi; kutumia cha mwingine ni kosa la jinai kwa aliyetoa na kwa aliyetumia.

Mwisho, kuhusu miaka 21. Julai 2025 NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ilizindua sera ya kitaifa iliyopendekeza umri wa kununua na kunywa pombe upandishwe kutoka 18 hadi 21, na habari zikasambaa kana kwamba imekwisha kuwa sheria. Tangu hapo nimesikia wauzaji wakiwafukuza watu wa miaka 19 na 20 wakiwaambia serikali imebadilisha. Sera ni pendekezo. Umri hubadilishwa na Bunge. Klabu inaweza kujiwekea kanuni yake mlangoni, lakini iseme ni kanuni yake. Sheria ya 2010 bado inasema 18, na mwenye miaka 18 aliyeonyesha kitambulisho chake ametimiza kila ambacho sheria hiyo inamtaka aonyeshe.